MWAJUMA WA BWANA ROBINSON

Kutoka kwa mwandishi wetu, Bumala

Katika mitaa ya Waislamu wa pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, hukosi kumpata Juma au Mwajuma. Ni mtoto aliyezaliwa siku ya Ijumaa, akaadhiniwa sikioni, akafanyiwa akika yake, na akapewa jina la siku ile tukufu na wazazi wake. Jina hilo si pambo tu. Linamjulisha kila alisikiaye kwamba mtu huyu ana siku yake, ana mama, ana baba, na ana mtaa unaomjua.

Mwaka 1976 sinema ya Italia nayo ilimpata Mwajuma wake. Aliitwa Venerdì, neno la Kiitaliano ambalo maana yake ni Ijumaa. Filamu yenyewe ni “Il signor Robinson”, iliyoongozwa na Sergio Corbucci, na aliyecheza sehemu hiyo ni Bibi Zeudi Araya, binti wa mji wa Dekemhare katika Eritrea. Lakini Mwajuma huyu hakupewa jina lake na mamake. Alipewa na mwanamume mgeni aliyetupwa ufuoni na bahari. Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, na namwomba msomaji anivumilie mpaka mwisho, maana jambo hili, ingawa lilianzia Roma, lilifika Malindi na limefika hata huku mpakani ninakokaa.

Kwa wasiomfahamu, Bibi Zeudi Araya alizaliwa mwaka 1951. Mwaka 1969 alichaguliwa malkia wa urembo wa Eritrea, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Ethiopia, kisha akaenda Italia. Huko sura yake ilionekana katika tangazo la kahawa, na mwongozaji wa filamu Luigi Scattini akamchukua kucheza katika filamu yake ya mwaka 1972. Tangu hapo mpaka mwisho wa miaka ya sabini alikuwa mmoja wa nyota wanaojulikana mno katika sinema ya biashara ya Italia. Zilikuwa filamu za mkupuo hizo. Studio za Roma zilizitoa kwa mamia: za kauboi, za kutisha, za wapelelezi, za kuchekesha, na hizi za visiwa na wanawake wazuri. Nyingi zimesahauliwa. Yeye hakusahauliwa. Mpaka leo wako watu Ulaya wanaozitafuta filamu zake na matangazo yake ya ukutani kama wengine watafutavyo stempu za zamani.

Majina ya filamu

Hebu tuzitazame filamu hizo kwa majina yake tu, kabla hata ya kuwasha mtambo. Ya kwanza, ya mwaka 1972, ni “La ragazza dalla pelle di luna”, yaani msichana mwenye ngozi ya mwezi. Ya mwaka 1973 ni “La ragazza fuoristrada”. Neno hilo la mwisho Waitaliano hulitumia kwa gari lipitalo porini, nje ya barabara. Mwaka 1974 zikaja “Il corpo”, yaani mwili, na “La preda”, yaani windo. Mwaka 1975 ikaja “La peccatrice”, yaani mwanamke mwenye dhambi. Halafu ndipo akaja Ijumaa wa Bwana Robinson.

Ngozi, gari, mwili, windo, dhambi, siku ya juma. Filamu sita katika miaka mitano, na hakuna hata moja iliyobeba jina la mwanamke huyo. Wauzaji wa filamu hawakuona kwamba mtazamaji angependa kujua mwanamke yule anaitwaje na ni mtoto wa nani.

Na ndani ya filamu mambo hayakuwa tofauti sana. Ile ya kwanza ilipigwa Shelisheli, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, wakati ambapo kiwanja chao cha ndege cha kimataifa kilikuwa kimefunguliwa karibuni tu. Mume na mke wa Kizungu, ambao ndoa yao imepoa, wanakwenda visiwani kuipasha moto. Mume anamwona msichana wa kisiwani na moyo unamhama. Basi. Msichana ni kama upepo wa jioni: yupo ili mwanamume ajisikie kijana tena. “Il corpo” nayo ikampeleka kisiwa kingine, cha upande wa Karibi, awe sababu ya wanaume kugombana. Mwanamke wa Eritrea, nchi ya milima yenye baridi na makanisa na misikiti mikongwe, akageuzwa mtu wa kila kisiwa chenye minazi, na pale pale akawa mtu wa pasipo popote.

Nitoe haki yake “La ragazza fuoristrada”, ambayo angalau ilijaribu kitu kingine. Humo mwanamke wa Kiafrika anaolewa na Mwitaliano na kuletwa kuishi Ferrara, mji wa kaskazini, na tunaona jinsi macho ya watu wa mji yanavyomfuata. Lakini mtayarishaji hakuendelea na njia hiyo. Watu walinunua tikiti kuona ufuo, hawakutaka kuona Ferrara.

Ijumaa wa kitabuni

Turudi kwa Bwana Robinson. Wengi wetu tumeisoma au kusimuliwa hadithi ya Robinson Kruso, iliyotungwa na Mwingereza Daniel Defoe mwaka 1719. Mtu anavunjikiwa na jahazi, anakaa kisiwani peke yake miaka mingi, kisha anamwokoa mwenyeji mmoja asiuawe. Robinson hamwulizi jina lake. Anampa jina la Ijumaa, kwa kuwa siku aliyomwokoa ilikuwa Ijumaa, na katika maneno ya kwanza anayomfundisha ni kumwita “Bwana”.

Kuna jambo lingine katika kitabu hicho ambalo wasomaji wa Kiislamu aghalabu hulipita. Kabla ya kufika kisiwani, Robinson alikuwa mtumwa katika Moroko, akatoroka kwa mashua pamoja na kijana wa huko aitwaye Xury. Kijana akamtumikia kwa uaminifu njiani. Walipookolewa na nahodha Mreno, Robinson akamwuza Xury kwa vipande 60 vya fedha, kwa sharti kwamba ataachwa huru baada ya miaka kumi akiingia Ukristo. Mtu aliyeonja utumwa mwenyewe, na bado akauza. Huyo ndiye anayegawa majina kisiwani.

Corbucci alipoitengeneza upya hadithi hiyo mwaka 1976 aliigeuza mzaha. Robinson wake ni tajiri wa nguo kutoka Milano, akichezwa na Paolo Villaggio, mchekeshaji mnene aliyekwisha kupendwa sana na Waitaliano. Mfanya biashara ya nguo anajikuta mahali ambapo nguo haziuziki. Mzaha huo, kwa kusema kweli, unamwangukia yeye zaidi kuliko mtu mwingine. Ni mwoga, ni mzembe, hajui hata kujipatia chakula. Venerdì ni hodari kuliko yeye kwa kila kitu, na Zeudi Araya anacheza kwa wepesi na kwa macho yenye akili, akionyesha kwamba alikuwa na kipaji cha kuchekesha ambacho filamu za nyuma zilikipuuza. Nimeitazama na nimecheka. Lakini Ijumaa wa kitabuni amefanywa mwanamke ili apendwe, na akiisha kufanywa mwanamke bado anaitwa jina lile lile la siku.

Sheria na ndoto

Huenda msomaji akasema, Waitaliano na sisi wapi na wapi? Nami namkumbusha. Barawa, Merka na Mogadishu zilikuwa bandari chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Italia ilipozinunua mwaka 1905. Ndugu zetu wa Barawa, wasemao Chimwini, waliamkiana na gavana wa Kiitaliano kwa miaka mingi. Eritrea ilikuwa koloni la Italia tangu 1890 mpaka 1941.

Na katika makoloni hayo, tarehe 19 Aprili 1937, serikali ya Mussolini ilitoa amri kwamba Mwitaliano atakayeishi kinyumba na mwanamke mwenyeji atafungwa, kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano. Haikuwa amri ya kumlinda mwanamke. Ilikuwa ya kulinda damu ya Kizungu isichanganyike. Hesabu basi: toka 1937 mpaka 1972 ni miaka 35. Jambo ambalo babu angefungwa kwalo, mjukuu alilipia kiingilio akalitazame gizani. Sheria ilimkataza mwanamume asimfanye mwanamke huyu mke. Filamu ilimruhusu amwote tu, kwa sharti kwamba hadithi ikiisha arudi kwake na mwanamke abaki kisiwani.

Miaka hiyo hiyo Waitaliano walikuwa wakifika kwetu. Mwaka 1967 walianza kurusha vyombo vya angani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, walirusha kutoka hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza nyota, nacho kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Nalipenda jina hilo na naliona la heshima. Ila naona ajabu moja. Bati lililotumwa mbinguni lilipewa jina kwa lugha ya wenyeji, na mwanamke aliyewekwa kwenye pazia la sinema miaka miwili baadaye akaitwa ngozi.

Baadaye wakaja wageni wa mapumziko, na Malindi na Watamu zikajaa hoteli zao. Wengi walikuja kwa wema, wakaoa, wakajenga, wakazeeka kati yetu. Sitaki kumhukumu mtu kwa uraia wake. Lakini mtu hubeba picha kichwani kabla hajabeba sanduku. Aliyelelewa kwa filamu za ngozi ya mwezi alikwisha kumjua mwanamke wa Bahari ya Hindi kabla hajashuka kwenye ndege, na kumbe aliyemjua ni yule wa kubuniwa.

Hata bara la Kenya halikusalimika. Mwaka 1975 filamu iitwayo “Emanuelle nera”, yaani Emanuelle mweusi, ilipigwa nchini Kenya. Nyota wake, Laura Gemser, ambaye naye ana wapenzi wake wengi mpaka leo, si Mwafrika kabisa. Ni mzaliwa wa Java, kisiwa cha Waislamu wengi, aliyekulia Uholanzi. Hata hilo jina la Emanuelle lilikuwa la kuazima kutoka filamu ya Kifaransa ya mwaka uliotangulia, likapunguzwa herufi moja ili wasishtakiwe. Basi wakaja nchi ya watu weusi wakiwa na mwanamke mweusi wa jina tu, na wanawake wenyeji wakawa mandhari, pamoja na miti na twiga.

Sauti ya nani?

Huku Bumala, penye njia panda ya barabara ya Kisumu na Busia na ile inayoteremka Port Victoria ziwani, mambo ya majina tunayaona kila siku. Malori ya Mombasa yanapita kwenda Busia na Malaba, na kila apitaye hubandikwa jina. Mimi mwenyewe sokoni naitwa “Mpwani”, ingawa jina langu wanalijua, nami huitika kwa kuwa ni utani wa majirani. Na neno “bodaboda”, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, wengi husema lilizaliwa hapa Busia, kwa wale waendesha baiskeli waliovusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka. Hilo ni jina ambalo watu walijitengenezea kwa kazi ya miguu yao.

Katika vibanda vya video vya upande huu na ule wa Uganda, filamu ya kigeni haitazamwi kimya. Yuko mtu anayeisimulia juu ya picha: kwa Kiganda, kama walivyofanya kina VJ Jingo wakapata sifa, na kwa Kiswahili, kama afanyavyo DJ Afro. Msimulizi humpa shujaa wa Kizungu jina la mtaani, akamtilia maneno ya sokoni, na kibanda kizima kikacheka. Nafurahi nikisikia hivyo, maana hapo Robinson ndiye anayebatizwa.

Jioni moja kijana wa hapa aliniona natazama filamu ya Zeudi Araya kwenye simu, akaniuliza, “Mzee, huyu dada ni wa wapi?” Nikamwambia wa Eritrea. Akatazama tena kidogo. “Mbona filamu yenyewe haisemi?”

Swali lake lilinifikirisha kuliko makala nyingi za wataalamu. Desturi ya Roma ya siku zile ilikuwa kutia sauti baadaye studioni, na mara nyingi sauti haikuwa ya mchezaji mwenyewe. Uso wa mmoja, mdomo wa mwingine. Msimulizi wetu wa kibandani anaweza kutia sauti yake juu ya hiyo, na juu yake tena mwingine. Lakini picha inabaki vile vile ilivyokatwa Roma. Kutia sauti juu ya hadithi ya mtu ni burudani nzuri, lakini haitoshi.

Zumaridi

Iko filamu moja ya miaka ile inayonipa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1974 Pier Paolo Pasolini alitoa filamu ya hadithi za Alfu Lela Ulela, aliyoipiga Yemen, Iran, Nepal na kwingineko, nayo ikapata tuzo Cannes mwaka huo huo. Si filamu ya kutazama na watoto, nasema mapema. Lakini mhusika wake mkubwa ni Zumurrud, ambaye kwetu tungemwita Zumaridi, na aliyemcheza ni Ines Pellegrini, mwenye asili ya Eritrea kama Zeudi Araya.

Zumaridi ni mtumwa anayeuzwa sokoni, lakini ndiye anayemchagua mnunuzi, na ndiye anayempa fedha za kumnunulia. Anatekwa, anatoroka, anavaa nguo za kiume, anafanywa mfalme wa mji, anawaadhibu waliomdhulumu, na mwisho anampata mpenzi wake kwa hila yenye ucheshi. Ana jina, ana akili, ana kisasi na ana huruma. Katika sehemu zote walizopewa wanawake wa Eritrea katika sinema ya Italia miaka ile, hakuna niionayo kubwa kama hii. Na haikutoka katika kichwa cha mwandishi wa Roma. Ilitoka katika hadithi ambazo bibi zetu wametusimulia kwa miaka mingi mlangoni baada ya isha.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Mchezaji mzuri akipewa hadithi isiyo na mtu ndani yake, atabaki mwili. Akipewa hadithi yenye mtu, atakuwa mtu.

Stara

Najua wako watakaosema, astaghfirullah, kwa nini ukurasa huu uzungumzie wanawake waliovuliwa nguo? Sikatai. Filamu nyingi nilizozitaja si za sebuleni, na stara ni stara. Lakini nauliza: waliomvua ni nani? Scattini, Paolella, Pavoni, Corbucci, na wenye fedha nyuma yao, wote wanaume. Wao wakapata sifa ya kazi, na mwanamke akapata sifa ya mwili. Nasi tukisikia habari hizo tunamlaani yeye kwanza na mara nyingi yeye peke yake. Leo pwani yetu, msichana akishawishiwa na mgeni mwenye kamera, kisha picha zikaenea, ni jina la nani linalotajwa barazani? La mwenye kamera hulisikii. Mwajuma ndiye anayeshindwa kutoka nje.

Wengine watasema, mbona Zeudi Araya alifanikiwa? Ni kweli, na mafanikio yake yananiunga mkono. Aliolewa na Franco Cristaldi, mtayarishaji mkubwa ambaye baadaye alitoa “Cinema Paradiso” ya mwaka 1988, na Cristaldi alipofariki mwaka 1992 mkewe aliendelea na kazi hiyo ya utayarishaji yeye mwenyewe. Aliyeitwa mwili na windo akawa ndiye mwenye mfuko na kalamu. Hakuhitaji tena kungoja mtu wa kumpa jina.

Basi sisi tunaoishi pwani na tunaoishi huku mpakani tusiridhike na fahari ya kusema “yule ni wa kwetu” kila sura nyeusi inapotokea kwenye pazia. Wageni wataendelea kuja na kamera, na karibu yao. Mzazi, mshenga, mwalimu wa michezo, au msichana mwenyewe akiletewa karatasi ya mkataba na aulize mambo matatu kabla ya kutia saini. Mtu nitakayemcheza anaitwaje, na ni mtoto wa nani? Sauti itakayosikika ni ya nani? Na picha zikiisha kupigwa, ni mali ya nani? Mwenye kamera akishindwa kujibu la kwanza, hakuna haja ya kumwuliza yale mawili. Na kijana wetu mwenye kalamu asingoje kuulizwa. Jina jema hung'ara gizani. Amwandike Mwajuma pamoja na mamake aliyempa jina hilo.